Injini Inunuliwe Mwisho

Usinunue injini kwanza. Najua umeshaiona. Imelazwa juu ya tairi kuukuu mbele ya duka la spea, imeoshwa kwa petroli hadi inang'aa, muuzaji anaapa kwamba imeshuka kutoka Japani juzi tu, na wewe moyoni umeshaiona imekaa ndani ya gari lako, inavuta mzigo kutoka Arua hadi Koboko bila kukohoa. Rudisha pesa mfukoni. Nenda nyumbani, tafuta daftari na kalamu, ukae chini.

Nasema hivi kwa sababu ya magari ninayoyaona juu ya mawe. Tembea nyuma ya gereji za Arua, kisha uende Koboko ukatazame vilevile. Utakuta Land Cruiser nzuri, bodi lake bado gumu, limenyanyuliwa juu ya mawe manne, matairi yameshakopeshwa magari mengine. Ukifungua boneti unakuta injini mpya, au tuseme mpya kwake, imekaa mahali pake. Haijawahi kuwaka. Mwenye gari alikuwa na pesa za injini. Hakuwa na pesa za kubadilisha injini, na hizo ni bei mbili tofauti.

Kule Marekani wapenda magari hung'oa injini za Mustang na Camaro za miaka ya 1960 wakaweka V8 za kisasa, hasa zile za ukoo wa LS ambazo General Motors ilianza kuzitoa mwaka 1997. Kwetu West Nile, hapa Uganda, gari la kifua ni Land Cruiser: FJ40 fupi, FJ45 pikapu, na HJ60 iliyokuja baadaye. FJ za mwisho wa miaka ya 1970 zilikuwa na injini ya petroli iitwayo 2F, silinda sita, lita 4.2. Ina nguvu ya kuvuta na sauti nzito ambayo sijaisikia kwa gari lingine, lakini inakunywa petroli kama ng'ombe aliyefika mtoni wakati wa kiangazi. Ndiyo maana wengi tunataka kuitoa tuweke dizeli. Tena tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda hairuhusu kuingiza nchini gari lililotimiza miaka 15 tangu kuundwa, kwa hiyo mwenye FJ nzima hana mahali pa kwenda kununua nyingine kwa bei ya zamani. Anaitunza aliyo nayo.

Mimi ninayo FJ45 ya 1978. Inabeba samaki wakavu na mihogo, na sasa ina dizeli ya 1HZ kifuani. Niliyoyapata njiani ndiyo ninayotaka uyapate wewe ukiwa bado na pesa yako mkononi.

Anza na swali ambalo fundi hatakuuliza: unahitaji kubadilisha? Chukua njia yako ya kila wiki uipige hesabu. Kutoka Arua hadi Koboko ni kama kilomita 55, kwenda na kurudi 110. Ikiwa 2F yako ikiwa na mzigo inakwenda kilomita 4 kwa lita, safari moja inamaliza lita 27 na nusu. Dizeli ya 1HZ ikienda kilomita 8 kwa lita, inamaliza chini ya 14. Umeokoa karibu lita 14. Chukua lita kuwa shilingi 5,000 ili hesabu iwe nyepesi: ni kama shilingi 69,000 kwa safari. Sasa tuseme kazi nzima itakugharimu milioni 20. Gawanya. Utahitaji safari 290 hivi kabla injini haijajilipa. Anayekwenda Koboko mara tatu kwa wiki atazimaliza ndani ya miaka miwili. Anayekwenda mara moja kwa wiki atahitaji zaidi ya miaka mitano na nusu. Na yule anayeliendesha kwenda kanisani au msikitini, na harusini mara moja moja, hatazimaliza kabisa. Yeye afanyie 2F yake ovahoo, abadilishe ringi na gasketi, kabureta isafishwe vizuri, na pesa itakayobaki asomeshee watoto. Weka bei zako mahali pa zangu, lakini hesabu hii uifanye kabla ya nyingine yoyote.

Swali la pili ni chesisi. Ingia chini ya gari na nyundo ndogo. Gonga pale spring za nyuma zinaposhikiliwa, gonga chini ya kabini, gonga pale maunti za injini zinapokaa. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinajibu kama boksi la karatasi. Ukisikia hivyo, pesa ya kwanza ni ya mchomeleaji, na injini isubiri mwaka mwingine.

Sasa injini ipi? Hapa vijana wananibishia, na ninawaelewa. Wanataka D-4D, yaani 1KD, lita 3, turbo, inayoendeshwa na kompyuta. Ni injini nzuri na ina mbio. Lakini nozeli zake hupokea dizeli kwa kanieneo inayozidi bar 1,000, kupitia matundu ambayo jicho halioni, na zinataka dizeli safi kama maji ya kunywa. Arua inajulikana tangu miaka ya 1980 kwa vijana wa OPEC, waliouza mafuta ya magendo kutoka Congo kwa jerikeni kando ya barabara, na hadi leo mtu akikwama kati ya Maracha na Koboko hujaza chochote kitakachopatikana, kwa faneli na kitambaa. Tone la maji au chembe ya vumbi ikiingia katika nozeli za D-4D, utazinunua zote nne, na bei yake itakufanya ukae chini. Pampu ya 1HZ ni ya kimakanika. Nayo haipendi maji, lakini inavumilia, na ikiugua wapo watu wa kuitibu hapa hapa.

Hilo la mwisho ndilo linalonifanya niitetee 1HZ. Tangu wakimbizi wa Sudan Kusini walipofurika mwaka 2016, makazi yao ya Bidi Bidi yakafunguliwa Yumbe na ya Imvepi yakafuata mwaka 2017, barabara zetu zimejaa Land Cruiser Hardtop za mashirika ya misaada, na nyingi zimekuja na 1HZ. Lita 4.2, silinda sita, haina turbo, haina kompyuta. Kijana aliyejifunza ufundi Arua miaka hii kumi amejifunzia humo. Anaijua gizani. Mkanda wake wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukiuulizia Koboko mjini haushangazi mtu. Ukichagua injini ambayo mafundi wa njia yako hawaijui, weka kwenye bajeti nauli ya fundi kutoka Kampala, kulala kwake na chakula chake, kila itakapougua.

Kama unataka nguvu zaidi, 1HD-T ni ndugu wa 1HZ mwenye turbo. Zile za mwanzo wa miaka ya 1990 zina sifa ya kula beringi za konrodi, kwa hiyo ukinunua moja, fungua sampu na uweke beringi mpya kabla haijaingia ndani ya gari. Ikiwa bado iko sakafuni ni kazi ya siku moja. Na ile 1KZ ya lita 3, chunguza silinda hedi yake sana, kwa maana ikipata joto huweza kupasuka.

Nilinunua injini yangu Kampala, katika yale maduka ya spea ya Kisekka. Niliikagua nilivyojua. Nilizungusha kirenki kwa spana, nikachomoa kijiti cha oili nikanusa, nikatazama kama kuna maji yaliyochanganyika na oili. Nikalipa. Ikapakiwa kwenye lori, ikapita Karuma, Pakwach na Nebbi, siku ya pili ikafika Arua. Usiusahau usafiri huo katika daftari lako, wala siku zake. Mwaka 2024 daraja la Karuma lilipofungwa kwa miezi kadhaa ili litengenezwe, mizigo ya West Nile ilibidi izunguke mbali, na kila aliyekuwa na spea njiani alilipa tofauti hiyo.

Injini iliposhushwa chini ya mwembe wa gereji, fundi alichukua kitambaa akaanza kufuta stata. Alifuta polepole, kama mtu anayefuta uso wa mtoto. Kisha akaniita.

"Mama, njoo usome hapa."

Nikainama. Chini ya oili kulikuwa na kibati kidogo, na juu yake tarakimu mbili na herufi moja: 24V.

Gari langu ni la volti 12. Magari mengi ya dizeli yaliyoundwa kwa ajili ya Japani yenyewe ni ya volti 24. Fundi akafuta altaneta: 24. Akafuta ile solenoidi iliyo juu ya pampu, inayofungua na kukata dizeli: 24. Plagi sita za hita nazo vilevile. Unaweza kuiweka injini hiyo katika gari la volti 12, kila boliti likaingia mahali pake, ukawasha ufunguo, na stata ikajikokota kama mgonjwa. Hata ukilivuta gari kwa kamba, huenda solenoidi isifunguke, dizeli isipite, injini isiwake. Nilikuwa na njia mbili. Ama nibadilishe gari zima liwe la 24, yaani betri mbili, taa zote, mota ya waipa na geji, ama ninunue stata, altaneta, solenoidi na plagi sita za volti 12. Nikachagua ya pili. Pesa hiyo haikuwa kwenye daftari langu.

Na haikuishia hapo. Altaneta ya volti 12 niliyoletewa ilikuwa safi na ilichaji vizuri. Injini ikawekwa, ikawaka mara ya pili tu, wote gerejini wakapiga makofi. Fundi akapanda, akakanyaga breki mara moja, akakanyaga tena, akabaki ameshika usukani bila kusema neno. Nikamwona anashuka, anafungua boneti tena.

"Pedeli ni jiwe, mama."

Injini ya petroli huipa busta ya breki vakyumu kutoka kwenye manifoldi. Dizeli haina vakyumu ya namna hiyo. Inahitaji pampu yake ndogo ya vakyumu, na ile iliyokuja na injini yangu ilikuwa mbovu. Pikapu ya tani mbili na mzigo, breki za dramu pande zote nne, na busta iliyokufa. Kama angekuwa fundi mwenye haraka, tungeligundua jambo hilo kwenye mteremko. Nikanunua pampu nyingine.

Ndiyo maana nasema injini inunuliwe mwisho. Ukianza na breki, swali la vakyumu litajitokeza mapema. Ukianza na umeme, utamuuliza muuzaji volti kabla hujamuuliza bei. Kila kitu kinachogusana na injini kina neno lake, na maneno hayo yote unapaswa kuwa umeyasikiliza kabla hujaingia dukani. Zunguka gari lako siku nzima pamoja na fundi, mwanzo wa chesisi hadi mwisho, na kwa kila kifaa uliza: hiki kitaendana na injini mpya, au hapana?

Mkianza na mafuta, mtakuta tangi lako la petroli lina kutu na uchafu wa miaka arobaini, na litapaswa kushushwa, kuoshwa na kukaushwa. Dizeli ya ziada hurudi tangini, kwa hiyo unahitaji bomba la pili la kurudishia, ambalo huenda gari lako halina. Ongeza chujio lenye kikombe cha kunasa maji. Kwa njia yetu hicho si anasa. Mkifika kwenye rejeta, ile ya zamani inaweza kutosha ikiwa imezibuliwa, lakini feni lazima ikae karibu nayo na iwe na kifuniko chake cha kuelekeza hewa. Usikubali kifuniko hicho kitupwe kwa sababu kimekataa kukaa. Injini nyingi zilizowekwa kwa shida na pesa nyingi zimekufa kwa joto kwa sababu ya kipande hicho cha plastiki.

Giaboksi ni jambo zito kuliko watu wanavyodhani. Ile ya gia nne ya FJ45 haishikani na 1HZ bila kasha la klachi linalofaa, na kutengenezewa kiunganishi na mchonga vyuma kunaweza kumeza pesa na miezi. Bora ununue injini pamoja na giaboksi yake, ile ya gia tano iitwayo H55F, na uhakikishe flaiwili, klachi na kasha vyote vimekuja pamoja. Propela zitabadilika urefu, moja ikatwe na nyingine iongezwe, kisha zisawazishwe. Lakini faida utaiona. Kwa difu ya 4.11 na matairi ya kawaida, kilomita 100 kwa saa katika gia ya nne ni kama mizunguko 2,700 kwa dakika. Katika ya tano ni kama 2,300. Kwenye lami inayotoka Vurra, ikapita Arua na Koboko hadi Oraba mpakani, tofauti hiyo utaisikia masikioni na utaiona kwenye geji ya mafuta.

Jambo moja la mipakani. Congo na Sudan Kusini magari hutembea upande wa kulia, usukani uko kushoto. Sisi ni kinyume. Injini iliyotolewa katika gari la huko inaweza kuwa nzima kabisa, na bado bomba la ekzosi au pampu ya usukani ikagombania nafasi na boksi la usukani wako. Chukua kamba, pima kabla ya kulipa.

Sasa tuje kwenye pesa zenyewe. Nilipofunga daftari langu, injini na giaboksi zilikuwa zimekula chini kidogo ya nusu ya jumla. Nimewauliza wenzangu waliofanya kazi ya namna hii, na walioandika matumizi yao kwa uaminifu wananiambia habari hiyohiyo. Kwa hiyo ukitajiwa injini ya milioni 9, usiseme moyoni "ninahitaji milioni 9". Sema 20. Kama unazo 12 tu, unazo za injini ya milioni 5, au huna bado. Kungoja msimu mmoja zaidi wa mavuno ni nafuu kuliko kulipandisha gari juu ya mawe.

Katika hizo 20, tenga milioni 4 usiziguse. Zisiwe kwenye simu, maana pesa za kwenye simu huisha kwa vocha na maombi ya ndugu. Mpe mtu unayemwamini, au ziweke kwenye chama cha akiba, na umwambie mapema kwamba utazihitaji. Hazina jina. Ni za ile pampu ya vakyumu.

Kuna tundu jingine ambalo sijaona mtu akiliandika. Gari likiwa gerejini, biashara haisimami. Wateja wa Koboko wanataka samaki wao siku ya soko. Mimi nilikodi gari la mwenzangu wiki baada ya wiki, na kila wiki nilijiambia ni ya mwisho. Fundi akikwambia wiki tatu, andika sita, uzidishe kwa gharama ya kukodi, na jumla hiyo uiingize kwenye daftari kama vile ni spea. Usimlaumu fundi kwa hilo. Umeme unakatika katikati ya kuchomelea, boliti moja inangojewa kutoka Kampala, kunatokea msiba, mvua inanyesha na kazi inafanyika chini ya mti.

Na fundi mpatane kwa maandishi, hata kama ni mtoto wa dada yako. Hasa kama ni mtoto wa dada yako. Mimi niligawa malipo mara tatu: sehemu ya kwanza injini ya zamani ilipotoka na kila kipande chake kikawekwa kwenye gunia lenye jina, ya pili injini mpya ilipokaa kwenye maunti zake na giaboksi ikashikana, ya tatu, kubwa kuliko zote, gari liliporudi kutoka Koboko likiwa na mzigo. Spea nilinunua mwenyewe, kwa risiti. Chakula cha mchana cha vijana nilikiweka kwenye bajeti tangu mwanzo, kwa sababu ukiwaacha na njaa watakwenda kufanya kazi ya mwingine anayewalisha, na watakuwa na haki. Injini ya zamani usiiuze haraka. Ifunike na uiweke kando hadi mpya imalize kilomita 1,000 za kwanza. Utarudi kwenye yale magunia kutafuta boliti na vishikio mara nyingi kuliko unavyofikiri.

Karatasi ni sehemu ya bajeti pia. Kadi ya gari lako imeandikwa nambari ya injini, ukubwa wake na aina ya mafuta, na vyote vitatu vitabadilika. Kabla ya kulipa, piga picha nambari iliyogongwa kwenye bloku, na uilinganishe na ile iliyo kwenye risiti na karatasi za forodha. Hakikisha haijasuguliwa wala kugongwa upya. Tuko kwenye pembe ya nchi tatu, na injini nzuri kwa bei ya ajabu mara nyingi imelala mahali ambapo mwenyewe bado anaitafuta. Muuzaji asiye na risiti, muage kwa heshima. Kisha nenda kwa mkaguzi wa magari wa polisi, gari likaguliwe, na kadi ibadilishwe ilingane na kilicho ndani ya boneti. Ada na safari za kufuatilia ziandike. Mwenye bima naye mwambie, kwa sababu siku ya ajali ndiyo siku watu husoma nambari za injini kwa makini.

Siku ya kujaribu, usijaribu gari tupu. Mimi nilipakia magunia kumi ya mihogo, nikamweka fundi pembeni yangu, tukatoka Arua saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijachoma. Tulisimama Manibe, hatukuzima, tukasikiliza. Tulisimama Maracha, tukazima, fundi akalala chini na tochi huku mimi nikishika mpira wa juu wa rejeta kwa kitambaa kuona kama umevimba. Geji ya joto haikupita katikati. Nilikuwa nimenunua geji mbili mpya, ya joto na ya presha ya oili, kwa sababu zile za 1978 zilikuwa zimekufa zamani, na ningekuwa na pesa za kifaa kimoja tu cha ziada, ningenunua hizo. Kwenye mteremko nikakanyaga breki taratibu, kisha kwa nguvu. Gari likasimama likiwa limenyooka, magunia yakasogea kidogo tu.

Koboko tukanywa chai. Tuliporudi garini tukakuta tone la oili chini, kubwa kama sarafu, kisha la pili. Sili ya nyuma ya giaboksi. Fundi alitabasamu kwa aibu, nami nikampigia simu mama aliyenitunzia ile akiba isiyo na jina. Sili ilifika jioni. Baada ya kilomita 1,000 tukamwaga oili yote, karibu lita 10, tukaweka mpya na chujio jipya, tukakaza tena boliti za maunti zote. Mbili zilikuwa zimelegea.

Boliti hizo ziandike kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, pamoja na tarehe na kilomita, na ule wino ukauke kabla hujapakia mzigo wa Oraba.